Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu

Tarehe 11 Aprili 1983, mjini Los Angeles, majina matano yalikuwa yakishindania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Manne yalijulikana na kila mpenda sinema duniani: Paul Newman, Dustin Hoffman, Jack Lemmon na Peter O'Toole. La tano lilikuwa la mtu aliyefahamika hasa na watazamaji wa tamthilia za jukwaani Uingereza. Bahasha ikafunguliwa, na jina lililosomwa lilikuwa hilo la tano, Ben Kingsley.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, jimbo la Yorkshire, aliitwa Krishna Pandit Bhanji. Ben lilitokana na jina la utani la baba yake. Kingsley limetoka mbali zaidi, Unguja, kwa babu yake mzaa baba, mfanyabiashara wa viungo ambaye kwa masimulizi ya familia alibandikwa lakabu ya Mfalme wa Karafuu.

Unguja haiitaji sana habari hii. Mgeni akishuka leo Mji Mkongwe, hatatembea robo saa kabla hajaoneshwa mlango wa Freddie Mercury pale Shangani, ambako tangu 2019 pana makumbusho yake. Ni haki yake, maana Farrokh Bulsara alizaliwa hapa mwaka 1946 na aliondoka na wazazi wake mwaka wa Mapinduzi. Kingsley hakuzaliwa hapa. Lakini ukitaka kujua mtu huyu ametokea wapi, na kwa nini ameweza kuwa Mhindi, Myahudi, Muirani, jambazi wa London na mchawi wa sinema wa Paris bila kuchoka, ukianzia Yorkshire utakuwa umeanzia katikati ya safari. Mwanzo wake uko kwenye majamvi ya kuanikia karafuu.

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said alipouhamishia hapa utawala wake kutoka Maskati, mashamba yalienea kwa haraka ya kutisha. Yalienea kwa nguvu za watumwa, na hilo halifichiki kwa kusifu harufu nzuri. Kila msimu wachumaji walipanda kushusha mashada kabla maua hayajafunguka, karafuu zikachambuliwa kutoka kwenye makonyo yake, zikaanikwa juani mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi iliyokolea. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi. Hata hivyo maghala, forodha na meli vilibaki Unguja mjini, na aliyeshika ghala ndiye aliyeshika bei.

Hapo ndipo walipo Wahindi katika hadithi hii. Mwenye shamba alikuwa na ardhi na miti, fedha taslimu hana. Mfanyabiashara wa mjini alimkopesha, akachukua rehani mavuno ambayo bado yako mtini, na pengine shamba lenyewe. Karafuu zilipokauka, zikapimwa kwa frasila na kupakiwa kwenda Bombay, London, na visiwa vya Indonesia, ambako hadi leo watu huzivuta ndani ya sigara. Miongoni mwa Wahindi hao walikuwapo Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, watu wa Gujarat, wafuasi wa Aga Khan. Walikuwa na jamatini yao na maduka yao, na baadhi yao walipanda juu kupita kiasi. Lile jengo la Mizingani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, tunaloliita Zahanati ya Zamani, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, Khoja aliyewahi kushika mapato ya forodha ya Sultani.

Harji Bhanji alikuwa wa jamii hiyo. Alitoka Gujarat, akafanya biashara ya viungo Unguja, na biashara ikamnyookea. Mwanawe Rahimtulla alizaliwa Kenya, akaishi Unguja mpaka umri wa miaka 14, kisha akapelekwa Uingereza kusoma. Ilikuwa desturi ya familia zenye uwezo mtoto apelekwe ng'ambo akarudi wakili au daktari. Rahimtulla alikuwa daktari kweli, ila hakurudi kuishi. Alioa huko huko, mwanamke Mwingereza aliyeitwa Anna Lyna Mary Goodman, mwigizaji na mwanamitindo, akafungua zahanati katika nchi ya baridi na viwanda. Kama angerudi, mwanawe huenda angekulia Kiponda au Hurumzi na leo tungekuwa tunamwita Krishna.

Wakati Rahimtulla yuko Uingereza, biashara iliyomlea ilitikiswa. Serikali ya kikoloni iliwatuhumu wafanyabiashara wa Kihindi kwamba wamewafunga wakulima kwa madeni, na mwaka 1937 sheria mpya ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa muongo mmoja kabla, haki ya peke yake ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi walikataa. Wakagoma, na kule India chama cha Congress, ambacho Gandhi ndiye aliyekuwa sauti yake kubwa, kikawataka Wahindi wasinunue karafuu ya Zanzibar. Kwa miezi kadhaa karafuu zilirundikana, mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Nimelitaja hilo kwa sababu jina la Gandhi litarudi, na si vibaya msomaji ajue kwamba lilikwisha kupita kwenye maghala ya Malindi kabla halijafika Hollywood.

Krishna mdogo hakuyaona hayo. Alikulia Pendlebury, karibu na Salford, kaskazini ya Uingereza, mtaa wa matofali mekundu na moshi wa viwanda, mtoto wa daktari mwenye jina lisilotamkika na majirani. Alisoma Manchester Grammar School. Akaanza maigizo ya ridhaa, kisha akajiunga na kundi lililozunguka mashuleni, kazi ambayo haimpi mtu umaarufu lakini humfundisha kushika macho ya watoto mia wasiotaka kutulia. Mimi naamini mwigizaji aliyepita shule hiyo huwezi kumtisha kwa ukumbi wowote.

Mwaka 1966 alicheza London katika tamthilia iitwayo A Smashing Day, iliyosimamiwa na Brian Epstein, meneja wa Beatles. Humo aliimba na kupiga gitaa nyimbo alizozitunga mwenyewe, na ikasemwa kwamba John Lennon na Ringo Starr walimshauri aachane na maigizo ashike muziki. Alikataa. Mwaka uliofuata aliingia Royal Shakespeare Company, kampuni ya tamthilia ambayo jukwaa lake kuu liko Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare.

Katika miaka hiyo ndipo alipobadili jina. Mwenyewe amesimulia mara nyingi. Alikwenda kufanya majaribio akiitwa Krishna Bhanji; wakamsifu, kisha wakamwambia hawajui wamweke wapi katika maonyesho ya msimu ujao. Akabadili jina, akavuka barabara hadi ukumbi mwingine, na swali aliloulizwa likawa ataanza kazi lini. Baba yake aliunga mkono. Msomaji anaweza kukasirika, na ana sababu. Uingereza ya miaka ile ilimtaka mtu avue ngozi mlangoni. Lakini angalia jina alilolichagua. Angeweza kujiita Smith. Akachukua lakabu ya babu yake, akaikata ikawa ya Kiingereza, na wale waliomkataa Bhanji wakampokea Mfalme wa Karafuu bila kujua wamempokea nani. Wafanyabiashara wa Unguja walijua siku zote namna ya kupitisha mzigo forodhani.

Stratford alifanya kazi iliyomjenga. Mwaka 1970 Peter Brook alitengeneza upya A Midsummer Night's Dream, akaondoa msitu wa maturubai uliozoeleka, akaweka sanduku jeupe tupu lenye bembea, waigizaji wakizungusha sahani kwenye fimbo kama wanasarakasi. Kingsley alikuwa Demetrius, kijana mmoja wa wapenzi wanne waliopotea. Si nafasi kubwa. Lakini onyesho lile lilivuka hadi New York na kuzunguka dunia, na wanaoandika historia ya jukwaa la Kiingereza hulitaja mpaka leo. Sisi tuliomsoma Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tumemzoea kama mwalimu wa siasa na fedha. Brook alimfanya mchezo, na Kingsley akajifunza kwake kwamba mwili wa mwigizaji ndio pambo la jukwaa.

Kuna kazi mbili za miaka hiyo ambazo mashabiki wa sinema hawazijui, na mimi naziweka juu ya filamu zake nyingi. Mwaka 1973 alicheza na Janet Suzman katika Hello and Goodbye ya Athol Fugard, mwandishi wa Afrika Kusini: chumba kimoja, ndugu wawili, kaka na dada, na masanduku ya marehemu baba yao. Mwaka 1974, katika ukumbi wa Royal Court, akacheza tena Fugard, safari hii Statements After an Arrest Under the Immorality Act. Alikuwa Errol Philander, mwalimu mkuu wa shule ya watu wa rangi mchanganyiko, anayependana kwa siri na mkutubi mzungu. Polisi wanawakamata chini ya sheria iliyoharamisha mapenzi kati ya rangi na rangi. Wawili hao wanakaa jukwaani wakiwa uchi, kwanza kwa mapenzi, kisha kwa fedheha ya taa za polisi. Mtoto wa Khoja aliyelelewa Unguja na mama Mwingereza alipoingia katika nafasi hiyo hakuhitaji kuelezwa sheria ile ilikuwa inakataza nini. Ilikuwa inakataza wazazi wake.

Mwaka 1975 alikuwa Hamlet. Hakuwa katika jukwaa kuu la Stratford, alikuwa katika The Other Place, banda la mabati ambamo watazamaji walikaa hatua chache kutoka kwa waigizaji. Mwongozaji alikuwa Buzz Goodbody, mwanamke kijana aliyetaka Shakespeare asemwe kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyozungumza chumbani. Goodbody alifariki Aprili mwaka huo, siku chache tu baada ya onyesho kuanza kuwa na watazamaji. Waigizaji wakaendelea bila yeye, wakiigiza kila usiku mchezo wa kijana anayemlilia marehemu. Halafu likaja National Theatre, ambako mwaka 1977 alikuwa Mosca, mtumishi mjanja wa Volpone, mkabala na Paul Scofield. Na mwaka 1980, katika Nicholas Nickleby, akawa mwalimu Squeers, yule katili mwenye jicho moja anayewashindisha njaa wanafunzi wake. Kwa hiyo alipotokea kwenye sinema ulimwengu ukadhani ameanguka kutoka mbinguni, alikuwa na miaka 15 ya jukwaa mgongoni.

Mwongozaji Richard Attenborough alikuwa ameisaka filamu ya Gandhi kwa miaka 20, tangu Mhindi mmoja aliyeishi London alipomshawishi mwaka 1962. Wakubwa walikataa kutoa fedha, na nyota wengi walifikiriwa. Hatimaye mwanawe Michael, ambaye mwenyewe ni mtu wa tamthilia, akamwambia baba yake akamtazame Kingsley. Upigaji picha ulianza Novemba 1980. Kingsley alipunguza mwili, akanyoa kichwa, akajifunza kusokota uzi kwa gurudumu huku anazungumza, jambo gumu kuliko linavyoonekana. Tarehe 31 Januari 1981, siku moja baada ya kumbukumbu ya kifo cha Gandhi, ilipigwa picha ya mazishi mjini Delhi mbele ya watu waliokadiriwa kuvuka 300,000.

Filamu, baada ya kuonyesha mauaji ya 1948, inarudi nyuma hadi 1893, Gandhi kijana akiwa ndani ya treni ya Afrika Kusini na tai yake shingoni, kabla hajatupwa nje na mabegi yake. Kinachorukwa ni wiki chache zilizotangulia. Wakili huyo alitoka Bombay Aprili 1893 kwa meli iliyotia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, na hapa akakaa kama siku nane au kumi akingoja meli nyingine ya kumpeleka Durban. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa na miezi michache tu katika kiti. Gandhi alipanga chumba mjini, akatembea mashamba, akastaajabia ukubwa wa miti na matunda. Ameandika pia, bila kujificha, kwamba nahodha wa meli alimchukua matembezi yaliyoishia kwenye nyumba ya malaya, na kwamba aliingia chumbani akasimama kwa aibu, akatoka vile vile alivyoingia, akamshukuru Mungu na kujilaumu kwa kutokataa mlangoni.

Attenborough hakuwa na nafasi ya wiki hiyo katika filamu ya saa tatu, na huenda watazamaji wasingependa kumwona Mahatma katika uchochoro wa Unguja. Mimi ningependa. Kijana mwoga wa miaka 23, kutoka Gujarat, katika mji ambao Wagujarati wenzake wanahesabu frasila: yule ndiye Gandhi ambaye mjukuu wa Harji Bhanji angemcheza kuliko mwigizaji mwingine yeyote duniani.

Alichokifanya katika sehemu zilizomo kinatosha. Anaanza akiwa wakili mdogo mwenye majivuno, kola imemkaba, na anamaliza akiwa mzee mwembamba anayetembea haraka kuliko vijana. Katikati hakuna mahali utakapoweka kidole useme hapa ndipo alipobadilika. Filamu ilipata Oscar nane. India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1984, na mwaka 1985 akapata Grammy kwa kusoma maneno ya Gandhi kwenye sahani ya santuri. Kinaya chake amekisema mwenyewe: aliacha jina la Kihindi ili apate kazi, na kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni ikawa ya kumcheza Mhindi mkubwa kuliko wote wa karne.

Oscar ya kwanza ina tabia ya kuwa jela. Watu walitaka awe mtakatifu tena. Akawajibu kwa kurudi jukwaani peke yake, mwaka 1983, katika mchezo wa mtu mmoja juu ya Edmund Kean, mwigizaji mlevi wa karne ya 19 aliyetikisa London akafa amefilisika. Mwaka 1985 akawa Othello, Mmoro wa Maghribi, na David Suchet akiwa Iago. Kwenye filamu akachagua vitu vidogo: mume anayesalitiwa katika Betrayal, mtu mpweke anayepanga kuiba kobe wa baharini katika Turtle Diary, jasusi wa Sultani wa Uturuki katika Pascali's Island. Akamcheza hata Daktari Watson katika kichekesho ambamo Sherlock Holmes, yaani Michael Caine, ni mlevi asiyejua kitu na Watson ndiye mwenye akili.

Miaka ya 1990 ilimrudisha kwenye uwanja mkubwa. Katika Bugsy ya 1991 alikuwa Meyer Lansky, mhasibu wa majambazi wa Marekani anayezungumza polepole, akateuliwa tena kuwania Oscar. Mwaka 1993 akawa Itzhak Stern katika Schindler's List ya Steven Spielberg, karani Myahudi anayepiga mashine ya chapa orodha ya watakaosalimika. Nafasi hiyo ina maneno machache mno. Tazama mikono yake. Stern anashika karatasi kama mtu anayejua kwamba kosa la herufi moja ni roho ya mtu.

Alikuwa ameshamcheza Simon Wiesenthal, msaka wauaji wa Kinazi, mwaka 1989. Akamcheza Otto Frank, baba wa Anne Frank, mwaka 2001. Kisha, mwaka 2018, katika Operation Finale, akakaa upande wa pili wa meza: alikuwa Adolf Eichmann, mpangaji wa treni za mauti, aliyetekwa Argentina. Sijui mwigizaji mwingine aliyeizunguka historia ile kutoka kila pembe namna hiyo, kwa aliyeokoka, aliyefiwa, aliyetafuta haki na aliyeua. Eichmann wake hapigi kelele. Ni mzee mpole anayependa familia yake, na ndiyo maana anakera.

Kelele alikwisha kuzimaliza mwaka 2000, katika Sexy Beast. Don Logan ni jambazi mfupi mwenye upara anayekwenda Uhispania kumrudisha kazini mwenzake aliyestaafu, na hajui maana ya neno hapana. Anaongea kama mtu anayepiga misumari. Aliyemzoea kama Gandhi akimwona Logan hawezi kuamini kwamba ni upara ule ule. Aliteuliwa kwa Oscar kwa nafasi hiyo, na tena mwaka 2003 kwa House of Sand and Fog, ambapo ni Behrani, kanali wa Shah wa Iran aliyekimbilia Marekani. Kanali huyo anafanya kazi ya barabara mchana, anaoga na kuvaa suti chooni, kisha anarudi nyumbani familia isijue. Zanzibar tunawafahamu akina Behrani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walitoka hapa watu waliokuwa na vyeo na majumba, Waarabu, Wahindi na Waafrika pia, wakaenda kuanza upya Uingereza na Ghuba kwa kazi ambazo barua zao za nyumbani hazikuzitaja. Wengi wao wangelia mbele ya filamu ile, na si kwa sababu ya Iran.

Alipewa hadhi ya Sir, akawa Sir Ben, katika heshima za mwaka mpya wa 2002. Wala usidhani tangu hapo alichagua kwa uangalifu. Amecheza katika BloodRayne, filamu ya majini ya kunyonya damu ambayo haina utetezi. Amecheza The Love Guru, nayo afadhali isingelitajwa. Kwa umri wake, mtu mwingine angejificha. Yeye anaonekana kuamini kwamba mwigizaji ni mtu wa kazi, na kazi ikija huifanya, wiki hii filamu ya maana, wiki ijayo ya karo za watoto. Mfanyabiashara wa karafuu naye hakukataa zilizonyeshewa. Alizitenga tu, akaziuza kwa bei yake.

Katika uzee wake ameonyesha mapenzi ya pekee kwa watu wa sanaa walioangukiwa na bahati mbaya. Hugo ya Martin Scorsese, mwaka 2011, ilimpa Georges Méliès, baba wa sinema ya maajabu, aliyesahauliwa mpaka akawa anauza vichezeo kwenye stesheni ya Paris. Mwaka 2013 vijana waliojaa kumbi kutazama Iron Man 3 walimtisha kwanza, kisha wakaangua kicheko. Gaidi Mandarin anayeogopwa na dunia nzima ni Trevor Slattery tu, mwigizaji mlevi wa Kiingereza aliyekodiwa asome maneno mbele ya kamera. Mwigizaji anamcheza mwigizaji anayemcheza mtu asiyekuwapo, na ndani yake unamwona Kean wa 1983 akicheka. Mhusika huyo alipendwa mpaka akarudishwa mwaka 2021 katika Shang-Chi. Mwaka 2016 sauti yake ikawa ya Bagheera, chui mweusi wa The Jungle Book. Mwaka 2025, akiwa na miaka zaidi ya 80, akawa Ibrahim, daktari mstaafu katika The Thursday Murder Club. Mtoto wa daktari Rahimtulla akaitwa Daktari Ibrahim; kwa mtu wa pwani, jina hilo linakaa mdomoni vizuri kuliko Kingsley.

Na mwaka 2009 alifanya kazi ambayo ingepaswa kutugusa zaidi, ingawa sura yake haionekani. Ni msimuliaji wa Journey to Mecca, filamu ya safari ya hija ya Ibn Battuta aliyetoka Tanja mwaka 1325. Ibn Battuta ndiye yule aliyeshuka pwani yetu mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa na kutuachia maelezo ya mji ule tunayoyasoma hadi leo. Sauti ya mtoto wa mtu aliyelelewa Unguja inamsimulia msafiri wa Kiislamu aliyeifahamu bahari hii kabla Mreno hajaiona.

Hukumu yangu juu yake ni hii. Kwa jukwaa, alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kutoka kwa Brook na kuingia kwa Fugard bila kubadili sauti kuwa ya uongo. Kwa sinema, Gandhi, Stern, Logan na Behrani ni kazi nne ambazo mwigizaji yeyote angeridhika kuwa na moja yake. Nyingine nyingi zitasahauliwa, na yeye bila shaka anajua. Chimbuko la wepesi wake wa kuvaa watu wengine sitalibandika kwenye damu, maana damu haiigizi. Ila mtoto wa nyumba yenye Gujarat, Unguja, Kenya na Manchester hukua akijua kwamba mtu mmoja anaweza kuzungumza kwa namna nne kabla ya chakula cha mchana na zote zikawa za kweli.

Waandaaji wa Tamasha la Filamu la Zanzibar wana skrini pale Ngome Kongwe kila mwaka, na Gandhi ni filamu ya saa tatu tu. Waionyeshe, na kabla ya taa kuzimwa, mtu asimame awaambie watazamaji kwa Kiswahili kwamba Gandhi mwenyewe alipanga chumba katika mji huu, na kwamba aliyemcheza ni mjukuu wa Harji Bhanji, mfanyabiashara wa karafuu wa Unguja.